Je, Ni Upuzi Kwenda Kutazama Maji Yaangukayo?



Kila mwaka shule zinapofungwa na likizo kubwa ya Julai na Agosti inapoanza, njia za kwetu hujaa watu. Toka Butembo mpaka Beni, mwendo wa kilomita 54, na toka Beni mpaka Kasindi mpakani, kilomita 80, hupita malori, taksi na pikipiki zisizo na hesabu. Ukiwauliza wasafiri waendako, mmoja atakujibu, “Nakwenda kununua mbao.” Mwingine, “Nafuata samaki wa Kyavinyonge.” Wa tatu, “Nakwenda matangani.” Wa nne, “Nawapeleka watoto kwa bibi yao, wamsaidie kuvuna maharagwe.” Safari hizo zote ni njema, wala hakuna azilaumuye. Lakini mtu akijibu, “Nakwenda na mke wangu na watoto kutazama maporomoko ya maji,” wenzake watacheka. Watamwuliza, “Na kisha? Utaleta nini?”

Swali hilo la “Utaleta nini?” twataka kulitazama vizuri leo, maana ndani yake limefichika swali kubwa zaidi. Je, mwanadamu ana haki ya kutumia siku yake, nguvu zake na fedha yake kwa ajili ya kitu asichoweza kukila, kukiuza wala kukibeba? Na baba wa watoto, ambaye mahitaji yake ni mengi kuliko fedha zake, je, ana haki hiyo?

Wahenga walisema, “Mtembezi hula miguu yake.” Walimwonya mtu mvivu azungukaye nyumba za watu saa za kazi, na onyo lao ni la haki. Watu wa Butembo wameujenga mji wao kwa jasho: kwa mashamba ya milimani, kwa biashara ya mbali, kwa kupita njia mbovu na mizigo mizito. Mtoto wa kwetu hujifunza mapema kubeba, kupalilia na kuhesabu. Hatutaki kamwe kuiharibu sifa hiyo. Lakini wahenga hao hao walisema pia, “Tembea uone.” Basi, kuna kutembea na kutembea, na yafaa tupambanue.

Tuchukue mfano. Baba mmoja wa Butembo ni fundi cherehani. Mkewe huuza viazi na vitunguu sokoni. Wana watoto wanne. Mkubwa ana miaka 13, mdogo ana miaka 5. Tuseme ni mwaka wa amani, na baba anataka kuwapeleka wote Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, upande wetu wa mpaka. Kilele cha mlima huo, Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, ni kirefu kupita vyote vya Kongo, nao mlima wenyewe ni wa tatu kwa urefu katika Afrika. Mito mingi hushuka kutoka huko kwa nguvu, ikiruka juu ya mawe na kuanguka magengeni. Mmoja wao ni Butahu. Maji yake ndiyo yazungushayo mitambo ya umeme ya Mutwanga, iliyoanza kazi mwaka 2013 chini ya Hifadhi ya Virunga.

Baba amwambia mkewe neno hilo jioni. Mama anyamaza kidogo, kisha asema, “Baba watoto, fedha hiyo ingenunua daftari za watoto wote wanne. Maji ya kuanguka yatawafundisha nini?” Mama huyo hana kosa. Amesema neno la haki, na mume mwenye akili hatalipuuza. Maana kuna utaratibu wa madeni. Karo ya shule hutangulia. Dawa ya bibi mgonjwa hutangulia. Mshahara wa kijana anayemsaidia fundi hutangulia, kwani ni dhambi kutembea kwa fedha ya mwenye jasho. Mtu akiyatimiza hayo, hapo ndipo swali la safari linapofunguka. Na hapo twamwuliza baba swali jingine: bia ya Jumamosi, mwaka mzima, imekugharimu kiasi gani? Wako wengi wanaosema kwamba safari ya jamaa ni hasara, nao wamekwisha kunywa nauli ya jamaa nzima mara tatu, peke yao, bila watoto kuonja cho chote.

Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa katika karne ya 13, aliuliza kama mapumziko na michezo vyaweza kuwa jambo la wema. Akajibu kwamba ndiyo, akakumbusha habari iliyosimuliwa na mababa wa zamani. Siku moja watu walichukizwa kumwona Mtume Yohane akicheza pamoja na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale. Akapiga. Akamwambia apige tena, na tena. Kisha akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo daima. Mtu yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndipo Yohane akawaonyesha kwamba roho ya mtu nayo huvunjika isipolegezwa. Mwindaji ye yote wa msitu wa kwetu atalielewa neno hilo. Na Sheria ya Musa iliamuru pumziko hata kwa mtumwa, hata kwa ng’ombe na punda. Tukimnyima mtoto wetu kile ambacho Mungu hakumnyima punda, tutajibu nini?

Lakini mtu atasema, “Kupumzika twaweza hata nyumbani, juu ya kiti. Kwa nini tuende mbali na kupanda kilima?” Hilo nalo ni swali zuri. Tulijibu kwa kuitazama jamaa ile njiani.

Wameshuka garini, na sasa wanapanda kwa miguu, kwenye kijia chembamba chenye utelezi. Baba ana miguu mirefu. Mkubwa wake anataka kukimbia. Mdogo wa miaka 5 ameanza kulia kwamba amechoka. Wafanye nini? Hawawezi kumwacha. Basi wote hupunguza mwendo, na mwendo wa safari huwa mwendo wa yule mdogo. Nyumbani mambo hayako hivyo. Nyumbani mdogo hufuata haraka za wakubwa: haraka ya duka, haraka ya soko, haraka ya simu inayolia. Kijiani sheria hugeuka: mwenye nguvu humngoja dhaifu, mkubwa hubeba mzigo wa mdogo, na hakuna afikaye mpaka wote wamefika. Kijana wa miaka 13 akijifunza hilo kwa miguu yake mwenyewe, amejifunza haki kuliko kama angalisikia mahubiri kumi. Kesho atakuwa mkubwa wa duka, au wa ofisi, au wa kijiji. Itamfaa kukumbuka kwamba aliwahi kungoja.

Kisha wanafika. Wanasikia ngurumo kabla ya kuona, upepo wa maji unawapiga usoni, halafu wanaona. Watoto wananyamaza. Na baba pia ananyamaza. Hilo ni jambo kubwa. Nyumbani baba ndiye ajuaye, ndiye aamuruye, ndiye aulizwaye. Hapa baba amesimama kama mwanawe, kichwa juu, mdomo wazi, wala hana la kuamuru. Mtoto anamtazama baba, anaona kwamba hata baba ana kitu kilicho kikubwa kuliko yeye. Wazazi wengi hulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana heshima. Lakini mtoto atajifunzaje heshima, kama hajamwona mzazi wake akiwa na heshima mbele ya kitu?

Tena, sokoni kila kitu kina bei. Mtoto wa mfanya biashara hujua mapema bei ya gunia, bei ya mafuta, bei ya dola asubuhi na bei yake jioni. Maarifa hayo yatamlisha. Lakini asipojua kitu kingine ila bei, siku moja atawatazama hata watu na kuwauliza bei yao; na katika nchi yetu tumekwisha kuona mavuno ya fikira hiyo. Mbele ya maporomoko mwenye nyumba ya ghorofa na fundi cherehani hupata kipimo kimoja. Hakuna anayeweza kununua zaidi. Mitambo ya umeme huchukua nguvu ya mto na kuyarudisha maji mtoni. Nayo hufanya vema, maana watu wahitaji mwanga na kazi. Jicho nalo huchukua uzuri wake wala halipunguzi hata tone moja. Mto ule ule una manufaa na una uzuri, na mtu mzima ajua kuvipokea vyote viwili.

Hapa twakutana na mpinzani mwenye cheo kikubwa, naye ni Mtakatifu Augustino. Jina lake lajulikana sana kwetu, kwani mapadri Waasumpsionisti, walioanza misheni ya nchi hii mwaka 1929, hufuata Kanuni yake. Katika kitabu cha Maungamo, Augustino awastaajabia watu waendao kushangaa milima, bahari na mito, huku wakijiacha wenyewe bila kujitazama. Mwaka 1336 mshairi Petrarca wa Italia alipanda mlima Ventoux, kusini mwa Ufaransa, pamoja na ndugu yake. Alipofika juu alikifungua kitabu hicho, macho yake yakaangukia maneno hayo hayo, akaona haya, akashuka kimya.

Je, Augustino atucheka sisi na safari yetu? Twadhani sivyo. Yeye amlaumu mtu ashangaaye nje ili asijitazame ndani. Katika kitabu hicho hicho aeleza jinsi alivyoiuliza nchi, bahari na viumbe vyote juu ya Mungu, navyo vikamjibu kwamba si vyenyewe, bali Yeye ndiye aliyevifanya. Basi yeye naye alivitazama, akavitazama kwa swali moyoni. Wako watu leo wafikao mbele ya maji, wakayapa mgongo mara moja, wakajipiga picha kwa simu, wakaondoka. Hao hawakuyaona maji, wala hawakujiona wenyewe. Tungewashauri wazazi jambo dogo: kwanza watoto wakae juu ya jiwe kwa kitambo, simu zikiwa mfukoni, picha itafuata.

Sasa tuje kwenye neno zito zaidi. Mtoto aliyezaliwa katika nchi ya Beni mwaka 2014 amezaliwa mwaka ule ambao mauaji makubwa ya raia yalianza huko, mwezi wa Oktoba. Toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020 ukapita ugonjwa wa Ebola, ulioua watu zaidi ya 2,200. Mwezi wa Mei 2021 jimbo likawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Mtoto huyo ameyajua majina ya vijiji vya kwao kama majina ya maafa: huku walichinja, kule walichoma, pale njia imefungwa. Mlima kwake ni mahali watokapo wauaji. Msitu kwake ni kifo. Hajui kwamba mlima ni mlima, na kwamba una maji.

Je, mtoto asiyeijua nchi yake ila kwa hofu ataipenda? Atailinda? Twaogopa kwamba atafanya moja katika mawili: ama atakimbia mbali mara tu apatapo nauli, ama atashika silaha kama wale aliowaogopa. Ndiyo sababu twasema kwamba kumwonyesha mtoto uzuri wa nchi yake ni deni la wazazi, kama vile kumfundisha lugha ya mababu zake. Huwezi kumdai mtu akipende kitu ambacho hukumwonyesha.

“Lakini,” atasema mtu wa Beni, “jirani zangu wanalia. Nitapitaje mbele ya nyumba yao na watoto waliovaa vizuri, na chakula cha karamu?” Ndugu, neno lako ni la upendo, nasi twaliheshimu. Bwana wetu Yezu Kristu alikwenda arusini Kana, tena alilia kaburini kwa Lazaro. Hakuifanya furaha kuwa adui wa kilio. Basi twendeni kwa adabu. Mkipita palipo na matanga, muziki uzimwe. Mkikutana na jeneza, mshuke na kusimama. Na kama nyumba ya jirani ina yatima, je, hakuna nafasi ya mtoto mmoja zaidi? Huenda huyo ndiye anayehitaji kuliko wote kuona kwamba nchi iliyommeza baba yake ina jambo jingine pia la kumpa. Furaha inayomkumbuka jirani haimwibii jirani kitu.

Hata hivyo twapaswa kusema wazi, ili asiwepo wa kutuelewa vibaya: deni hilo halimpi mzazi ruhusa ya kuuchezea uhai wa watoto. Mashujaa wa kweli hutanguliza busara. Ibilisi alimwambia Bwana wetu ajitupe toka juu ya hekalu, akakataa, maana kumjaribu Mungu si imani. Baba ambaye ameambiwa kwamba njia si salama, naye akasema “Mungu yupo,” akapakia watoto, hana imani kuliko wengine, ana kiburi. Njia ya Beni mpaka Kasindi hupita ndani ya Hifadhi ya Virunga na kuvuka mto Semliki, nayo imeona damu mara nyingi. Walinzi wa hifadhi hiyo zaidi ya 200 wamekwisha kufa kazini. Kwa hiyo waulizwe madereva waliopita asubuhi ile ile, aulizwe mkuu wa mahali, waulizwe walinzi, waulizwe watu wa parokia. Mmoja akisema hapana, jamaa irudi nyumbani bila aibu. Kurudi nako ni somo kwa watoto: wamemwona baba akikubali kukatazwa.

Na njia ikifungwa mwaka huu, tena mwaka ujao? Hapo hatusemi kwamba deni limefutwa. Maji hayaanguki Mutwanga peke yake. Huko Kisangani kuna maporomoko saba ya Boyoma, ambako Wagenya hutega samaki kwa vikapu vikubwa katikati ya maji makali, nayo yasifiwa duniani kote. Lakini kwa mtoto wa miaka 5 maji yaangukayo kimo cha mtu mzima ni makubwa ya kutosha. Vilima vya Butembo vina vijito vingi. Chagueni kimoja kilicho karibu, mahali panapojulikana kuwa pa amani, mpande pamoja mpaka maji yanapoangukia mawe, mle ndizi zenu na viazi vyenu hapo, na mwaelezee watoto jambo la ajabu ambalo wengi hawalijui: kwamba nchi yetu ya juu, ya Butembo na Lubero, ndipo maji ya Afrika yagawanyikapo. Mvua inayonyesha upande wa magharibi wa vilima hushuka msituni, huingia mto Kongo, na kufika Bahari ya Atlantiki. Ile inayonyesha upande wa mashariki hushuka kwa Semliki, huingia Ziwa Albert, hufuata Nili, na kufika Misri na Bahari ya Mediteranea. Matone mawili ya wingu moja huachana juu ya mgongo wa kilima chetu, wala hayaonani tena mpaka baharini.

Mtoto akiisha kulijua hilo, ataelewa mara moja kwa nini twamkataza kutupa chupa ya plastiki mtoni au kufua nguo pale juu. Chini kuna mama mwingine anayechota maji hayo kwa kunywa. Akaaye juu ya mto ana deni kwa akaaye chini, hata kama hatamwona maisha yake yote. Na tukifikiri zaidi, twaona kwamba watoto wetu wenyewe ni watu wa chini ya mto, maana watapokea kile tulichokiacha kipite. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilifunika karibu kilomita za mraba 6.5, kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Maji mengi ya mito yetu ni ya mvua, wala hayatakauka kwa sababu hiyo peke yake. Lakini weupe ule ambao babu aliuona kileleni, mjukuu huenda asiuone. Vitu vizuri havitungoji tupate nafasi.

Basi, tumjibu yule aliyeuliza, “Utaleta nini?” Gunia hatutaleta. Tutaleta watoto waliochoka, wenye matope miguuni, watakaolala garini kabla ya kufika Beni. Tutaleta mkubwa aliyembeba mdogo wake. Tutaleta mama ambaye huenda bado anafikiri juu ya daftari, naye ana haki, na daftari zitanunuliwa kabla ya Septemba. Na siku nyingine, mtu akiwaambia watoto hao kwamba nchi yao haifai kitu ila madini na makaburi, watajua kwamba si kweli, kwa sababu walikwenda wakaona.

Ninyi wazazi ambao likizo hii yawakuta na amani kidogo na akiba kidogo, fikirini juu ya jambo hili na wake zenu na waume zenu, kabla shule hazijafunguliwa. Nanyi mlio mahali pasipo na amani, tunawakumbuka katika sala, tukiomba siku ile ifike upesi ambapo mtoto wa Beni atapanda Ruwenzori bila kuuliza kwanza kama njia ni wazi.